Sauti Chini ya Jiwe

Haya yalimkuta rafiki yangu, dada mmoja anayechimbua mambo ya kale. Walikuwa wakichimba ndani ya kikanisa kwenye kisiwa cha mbali, na kaburi chini ya sakafu aliligundua yeye. Bosi wake akaita waandishi na kujitangaza kuwa ndiye mgunduzi. Roho ilimuuma mno rafiki yangu. Akainama juu ya jiwe la kaburi, akamnong'oneza marehemu, "Umesikia mwenyewe. Nilipizie."

Siku waandishi walipofika, bosi akamwagiza, "Dada, hebu kaniletee brashi."

Madirisha ya kikanisa yalikuwa yamezibwa kwa maturubai, kwa hiyo mle ndani mlikuwa na giza totoro mchana kweupe. Akiwa anapapasa, akasikia kucha zikikwaruza jiwe kutoka chini. Kisha ikaja sauti ya bosi, ikilia, "Dada, nitoe."

Akakimbilia mlangoni. Bosi alikuwa palepale uani, mbele ya kipaza sauti, midomo ikicheza bila kutoa neno. Mwandishi akarudia swali lake: "Nani aliligundua?"

Rafiki yangu hakumwita mtu. Alirudi gizani, akasimama juu ya jiwe kwa miguu yote miwili.

Chini yake sauti ikajibu, "Si mimi. Ni yeye."