Saa Kumi na Robo

— Mshahara wako sasa ni kiasi gani?

Mjomba aliuliza hivyo kabla mgeni, mchumba wangu aliyekuja kuposa, hajamaliza hata soda. Mimi nilikuwa jikoni na mama, nyuma ya pazia, natabasamu peke yangu kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Aliendesha winchi mgodini, watu wakambatiza jina la Winchi, na mshahara wake ulitosha kumnyamazisha mjomba yeyote.

— Ni nusu ya ule mliousikia, Mjomba. Mgodi nimeuacha. Sasa natengeneza pampu za maji, karakana ya hapahapa mjini.

Sahani niliyokuwa naifuta nusura iniponyoke. Hapohapo meseji ikaingia kwenye simu yangu, kutoka kwa rafiki yake wa mgodini, yule aliyewahi kunitongoza nikamkatalia.

"Pole dada. Jamaa kafukuzwa kwa uzembe. Usije ukadanganywa."

Nisiwafiche, niliamini. Nikatoka na kitambaa changu begani, nikampa simu aisome mbele ya watu. Aliisoma, akanirudishia. Kabla sijamuuliza, simu yake ikaita. Alikuwa bosi wake wa zamani. Mjomba akaamuru aweke sauti kubwa, tusikie wote.

— Winchi, rudi kazini. Tangu uondoke mitambo inasimama kila wiki. Nakuongezea nusu nzima juu ya ule wa zamani.

— Na zamu, bosi?

— Zamu ni ileile. Miezi mitatu huku, wiki moja nyumbani.

— Basi nashukuru, bosi. Sirudi.

Mjomba alishika kichwa. Alisema hajawahi kuona mtu akipiga teke riziki yake huku familia ya mke inamtazama, na akataka kujua kama mimi, mtoto wao, nitakula pampu. Nilimkumbusha kwamba nashona sare za shule na sijawahi kulala njaa. Lakini nilikuwa na langu moyoni, nikamuuliza mchumba wangu.

— Mbona hukuniambia?

— Niliogopa. Ulimpenda mtu wa mgodini, nikadhani wa karakana hutamtaka.

— Nilikupenda wewe. Ila ukinificha tena jambo kama hili, tutakosana vibaya.

— Sitakuficha tena.

Mjomba akaona mambo yanamponyoka, akamwita mama. Baba alishafariki, na mama ni mkali, hachekicheki na wachumba. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akabaki amesimama.

— Kaka, mimi niliolewa na mtu wa mgodini. Mshahara ulikuja kila mwezi. Mume alikuja mara nne kwa mwaka. Huyu binti alipokuwa mdogo alimwona baba yake mlangoni, akanijia mbio, akaniambia, mama, kuna mgeni.

Sikuikumbuka siku hiyo. Nililia palepale, mbele ya wote, wala sikuona haya. Mama akamgeukia Winchi.

— Huko karakana mnatoka saa ngapi?

— Saa kumi jioni, mama. Kwa miguu ni robo saa mpaka hapa.

— Basi posa nimeipokea.

Mjomba alikohoa, akamalizia soda yake. Mwenye mtoto alikuwa ameshasema.

Tulioana Jumamosi, maana karakana Jumamosi hawafanyi kazi. Sitasema uongo, mshahara wa nusu unabana. Kitanda tulinunua, makochi bado tunayasikia kwa majirani. Yule wa meseji alinyamaza tangu siku ile. Na mwezi uliopita Mjomba alikuja kwa upole mwingi, akauliza kama karakana ina nafasi kwa mwanawe, ambaye naye amechoka na mgodi.

Mama tunaishi naye. Kila jioni ikikaribia saa kumi na robo anatoa kiti chake barazani, anatazama njia. Winchi akitokeza pale konani, mikono bado ina grisi, mama hutangaza kwa sauti.

— Amefika.

Mimi nimeshamwona, nimesimama palepale karibu yake. Lakini namwachia aseme yeye.