Birika la Thuraya

Kila alasiri, akitoka chuoni, Thuraya alipitia kwa shangazi yake, Bi Mauza, karibu na soko la Kariakoo. Bi Mauza alikuwa mchoraji wa kanga. Michoro yake ilipelekwa ng'ambo kupigwa chapa. Ukutani alitundika vitambaa vinne vyeupe vya marekani, kila kimoja hatua ya mchoro wa kanga moja, apate kumfundishia binti huyo.

"Hapa nilikuwa nababaisha tu," alisema akivionyesha. "Hapa nimepima pindo. Hapa nimejifunga, nikatembea, nikafuta. Hiki cha mwisho ndicho walichokiona watu."

Thuraya alikipenda hicho cha mwisho. Vile vingine aliviona vichafu.

Siku moja Bi Azza, mke wa mwenye duka la nguo, aliagiza kanga ya Idi. "Chora wewe safari hii," Bi Mauza alimwambia Thuraya. Binti alifurahi mno. Alitamani sana kuona watu wamevaa mchoro wake! Katikati ya kitambaa akachora kwa mkaa birika kubwa, limeinama linamimina chai. Lilipendeza, tusimnyime haki yake.

"Umejifunga ukatazama?"

"Nimejifunga, shangazi."

Ulikuwa uongo. Aliogopa mkaa usije ukafutika.

Bi Azza alipokuja, aliusifu mchoro. "Mashallah! Hebu tuuone mwilini." Jirani yao Zena akajifunga, akageuka. Lo! Birika zima lilikaa makalioni, na kila alipopiga hatua lilitikisika.

"Mimi nikipita siku ya Idi," Zena alisema, "wageni watanifuata na vikombe!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Thuraya hakucheka. Machozi yalimlenga.

"Sikujifunga," alisema. "Nilikudanganya, shangazi."

Bi Azza akaikunja shela yake. "Mzigo wa michoro unakwenda bandarini kesho adhuhuri. Nitapita asubuhi. Kama hakuna mchoro, nitachukua wa mtu mwingine."

Thuraya alichukua kitambaa kingine. Akachora, akajifunga, akazunguka uani. Akaketi mkekani, akainuka, akafuta. Maua akayaweka katikati, birika akalifanya dogo, akalirudia pindoni pote. Mikono ikawa myeusi, na kitambaa hakikutamanika.

Asubuhi alikuwa ameunakili mchoro kwenye kitambaa safi. "Umejifunga leo?" Bi Azza aliuliza.

"Nimejifunga. Lakini nikiketi, ua moja linapotea mkunjoni. Nimeshindwa kulitengeneza."

Bi Azza alikitazama kitambaa, kisha akamtazama yeye. "Ua moja nitalivumilia. Nauchukua."

Alipoondoka, Bi Mauza alimvuta binti karibu. "Kukosea si aibu, mwanangu. Sote tunakosea, ndiyo maana tunaanza na mkaa. Lakini ukiniambia umejaribu na hujajaribu, mimi nitakufundisha nini?"

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Kanawe mikono, tule."