Alichosoma Mama Mkwe

— Mama, darasa limeisha. Wenzako wote wameshaondoka.

— Nimewaona wakiondoka. Mimi nina karatasi yangu nataka kuisoma. Kaa.

Mkutubi alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, miguu inamuuma. Maktaba ile ya mji mdogo ilikuwa na mtumishi mmoja tu, naye ni yeye. Jumatatu na Jumatano kisomo cha watu wazima, Alhamisi kompyuta, Jumamosi hadithi za watoto. Watoto wa watu walikuwa wakimkalia mapajani wawili wawili, na mji mzima ulimwita Mama Vitabu. Jina hilo halikumchekesha. Mwaka wa saba huu kwenye ndoa, na hakuwa na mtoto.

Simu ikalia kwenye pochi. Ujumbe wa wifi yake mkubwa:

"Jumapili kuna kikao cha familia. Kaka anatakiwa kuoa mke wa pili, tunataka utoe jibu mbele ya wote. Usije ukasingizia hayo mavitabu yako."

Aliusoma mara moja, akairudisha simu. Hata kununa hakuweza.

— Mama, si utasoma Jumatatu? Nimechoka leo.

— Nimesema kaa, mwanangu.

Akakaa. Mama mkwe hakuwa mtu wa kumwita mwanangu. Miezi minane iliyopita alijiandikisha kisomo ili tu aone mkaza mwana wake anashinda wapi wakati wanawake wenzake wanalea. Akaja kupeleleza, akanogewa na herufi. Sasa alivaa miwani yake, akakunjua karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

— Nikikwama usinisaidie. Ma-to-ke-o. Matokeo. Ya vi-pi-mo. Matokeo ya vipimo... vya u-za-zi.

Mkutubi akanyanyua kichwa.

— Mama, hiyo umeitoa wapi?

— Nyamaza, utanipoteza. M-ke. Mke. Ha-ku-na ka-so-ro. Hakuna kasoro.

Kidole kikashuka mstari mmoja.

— Mu-me. Mbe-gu... ha-zi-ku-o-ne-ka-na. Hazikuonekana.

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Bibi akavua miwani.

— Nimesoma sawasawa?

— Umesoma sawasawa, mama.

— Nilikuwa naomba niwe nimekosea. Mume wako aliniletea begi la nguo kuukuu nichane matambara. Hii ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Nimeisoma siku nne. Kila siku najiambia, labda mimi ndiye sijui kusoma.

Tarehe ilikuwa ya miaka minne nyuma. Mkutubi aliikumbuka vizuri wiki ile. Walipimwa wote wawili, lakini majibu alikwenda kuchukua mume peke yake, akarudi nayo mdomoni: "Daktari anasema tatizo liko kwako, ila si kubwa. Tuvumilie." Akavumilia. Akameza dawa za kila aina, chungu na za kutapisha, huku mume anamshikia kikombe.

Alitafuta hasira akaikosa. Alichokuta ni uchovu, ule wa mtu aliyebeba mzigo safari nzima halafu anaambiwa haukuwa wake.

— Siku ile tulipokuwa msibani kwa jirani, nilikuitaje mbele ya watu? bibi akauliza.

— Mama, yameshapita.

— Hayajapita. Nilikuita mgumba. Na nilipokuja hapa ukanishika mkono huu ukanifundisha kuandika. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani. Hata yale niliyojifunza hayatoshi.

Mkutubi alifungua pochi. Alichukua simu, akampigia mumewe.

— Uko wapi?

— Kazini. Kuna nyumba tunavuta nyaya. Vipi?

— Njoo maktaba.

— Sasa hivi? Kuna nini?

— Mama yako amesoma karatasi ya koti.

Upande wa pili vifaa vikagonga sakafu.

— Nakuja.

Fundi umeme aliingia na ovaroli yake, vumbi la chokaa kichwani. Viti vya karibu vilikuwa vya watoto, akakaa kwenye kimojawapo, magoti yakamfika kifuani. Karatasi ilikuwa mezani. Hakuigusa.

— Miaka minne, mkutubi akasema.

— Niliogopa.

— Uliogopa nini?

— Usije ukaniacha.

— Kwa hiyo ukaona bora mimi ndiye niogope kuachwa.

Akainamisha kichwa.

— Kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa wiki. Baadaye dada zangu wakaanza kukusema, nikaona nikifungua mdomo sasa...

— Ulikuwa unanishikia kikombe cha dawa.

— Mke wangu...

— Ulikuwa unanishikia kikombe, unaniambia nimeze yote.

Machozi yakamtoka yule mwanamume. Akamtazama mama yake, naye akatazama pembeni.

— Usinitazame mimi, bibi akasema. Leo mimi siyo wakili wako.

Mkutubi akatoa simu kwenye pochi, akamwekea mbele ujumbe wa wifi.

— Soma. Hicho kikao cha mke wa pili, ulikuwa unakijua?

— Niliwakatalia.

— Uliwakatalia, lakini sababu hukuwapa. Mpigie dada yako. Weka sauti kubwa.

— Sasa hivi?

— Mimi nimesemwa hadharani miaka yote. Wewe unasemea kwenye chumba chenye watu watatu. Piga.

Akapiga. Kidole kilikosea mara mbili.

— Kaka! Amekubali?

— Dada, hakuna kikao. Mwenye tatizo ni mimi.

— Tatizo gani?

— La kutokuzaa. Mke wangu ni mzima. Nimelijua tangu miaka minne iliyopita.



— Na ukatuacha tumtukane?

— Ndiyo.

— Mungu wangu. Yuko hapo? Mpe simu. Wifi! Wifi yangu!

Mkutubi akatikisa kichwa.

— Mwambie kesho. Leo sina nguvu za kuombwa radhi.

Simu ikakatwa. Mwanamume akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, akabaki na mstari wa chokaa shavuni.

— Unaniacha?

Alifikiri kweli. Alifikiria kufungasha, kuhama, kueleza upya kwa ndugu. Akafikiria pia kwamba mtu huyu alikuwa amelisema, kwa sauti, na hakujitetea.

— Siondoki. Lakini sijakusamehe, usijidanganye. Nitakuwa nakuuliza maswali hata mwakani.

— Uliza. Nitajibu.

— Na hospitali tunarudi, wote wawili. Wakituambia haiwezekani, tutajua la kufanya. Ila majibu nachukua mimi.

— Chukua wewe.

Mkutubi aliinuka, akanyoosha mkono achukue pochi. Mama mkwe alikuwa ameshamfikia, akachukua pochi akaitundika begani mwake, akamshika kiwiko.

— Twende nyumbani, mwanangu. Leo hupiki. Atapika huyu.

— Mama, huyu hajui hata kuchemsha maji.

— Basi atajifunza. Mimi nimejifunza kusoma uzeeni.

Mkutubi akacheka, kicheko kifupi kilichotoka kama kikohozi, akamtupia mumewe funguo afunge mlango.