Matofali Matatu ya Avelina

Avelina alipikia juu ya matofali matatu meupe. Majirani zake wa Temeke walipikia juu ya mawe, na mawe yao yalipasuka. Mumewe, Gozbert, alichochea moto wa boila katika kiwanda cha mafuta ya nazi. Matofali hayo yalibanduka yakaangukia ndani ya tanuri la boila, naye akayaleta nyumbani.

"Unapika kama mke wa gavana," jirani yake Tunu alimtania.

Wiki ya tatu tangu ayalete, mvuke ulifyatuka kwenye boila ukamuunguza Adelard, mwenzake Gozbert. Alikufa siku ya pili.

Jioni baada ya mazishi, Mzee Awadh alipita kutoa pole. Alikuwa fundi wa boila kwa miaka mingi. Avelina alimwamkia, akainjika birika la chai. Mzee akalitazama jiko.

"Mafiga haya yametoka wapi?"

"Kazini," alisema Gozbert. "Yalianguka. Mie nikaona yatatupwa tu."

Mzee alimgeukia Avelina.

"Binti yangu, mdomo wa birika ukiuacha kwenye moto, inakuwaje?"

"Risasi iliyoziba kiungo inayeyuka. Linavuja."

"Na tumbo lake?"

"Tumbo lina maji. Haliungui."

"Boila yao ni hivyo hivyo. Mabomba yanapita motoni, lakini maji yanayozunguka ndani yanachukua joto. Pale mabomba yanapoingia kwenye pipa la juu, chuma ni kinene, maji hayakipoozi upesi. Moto ukipapiga, viungo vinalegea. Kwa hiyo hupafunika kwa matofali haya."

Gozbert aliinamisha kichwa. "Adelard alisimama chini ya hapo."

"Wanawasha lini tena?"

"Kesho alfajiri. Wameziba palipovuja tu. Zamu ni yangu."

Avelina aliipua birika, akachomoa kuni zote.

Kabla usiku haujaingia, Gozbert alikwenda kwa mnyapara akaeleza kila kitu. Boila haikuwashwa. Mafundi walijenga matofali mapya kwa udongo wa tanuri, wakayakausha kwa moto mdogo siku nyingi. Tangu hapo, kabla ya kuwasha, wachochea moto humulika ndani kwa taa. Tofali likianguka, kazi husimama. Hakuna mwingine aliyeungua. Gozbert aliondolewa kwenye kazi ya moto, akapewa ya kubeba magunia ya mbata.

Avelina alikwenda kwa Bernadeta, mjane wa Adelard, akamwambia yote. Bernadeta aliendelea kuchambua mchele muda mrefu.

"Pale palipovuja pamefunikwa?"

"Pamefunikwa."

"Basi nenda, Avelina. Leo sina la kukuambia."