Kamba ya Shimoni

Rafiki yangu mmoja alikuwa fundi wa kampuni mpya ya simu, iliyokuwa ikitandaza mtandao nchi nzima. Juma lile lile alilomzika mkewe alirudi kazini, mwili upo, moyo haupo. Mchana akashuka shimoni chini ya barabara, gizani, akaishika kamba ya kuvutia nyaya iliyopita bombani hadi shimo la pili, walikopaswa kuwa wenzake. Akaivuta mara mbili, ndiyo ishara yao. Ikajibiwa mara mbili, ikaanza kuvutwa kutoka upande wa pili. Simu yake ikaita.

"Kaka, subiri kidogo," mwenzake alisema. "Mfuniko wa huku umegoma, hata hatujaingia."

Hakushtuka. Aliendelea kuilegeza kamba taratibu. Bomba lile halipitishi hata ngumi, lakini humo ndani mtu alikuwa akihema.