Mamba wa Nyanya Drusilla

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mokeira alishuka chemchemini na ndoo yake, sketi ikilowa umande wa michai. Alikuwa katika Gredi ya Sita, na aliishi Nyacheki na nyanya yake, Drusilla, kwa kuwa wazazi wake walifanya biashara ya ndizi mjini Kisii. Kwa kawaida wenzake walimpokea kwa porojo na vicheko. Asubuhi hiyo walinyamaza ghafla walipomwona.

"Kuna nini?" aliuliza.

Haron, mtoto wa jirani yao Mzee Machogu, ndiye aliyejibu. "Baba anasema nyanya yako anafuga mamba kule kidimbwini. Huyo ndiye anayemaliza mayai na vifaranga wetu."

"Nyanya yangu anafuga kuku na ng'ombe. Basi."

"Si alizaliwa ziwani? Watu wa huko hutuma mamba kwa adui zao. Kila mtu anajua."

"Wewe umemwona huyo mamba?"

"Baba ndiye aliyemwona," Haron alisema. Mokeira alijitwisha ndoo akaondoka shingo wima.

Ni kweli Nyanya Drusilla alizaliwa kando ya Ziwa Viktoria. Aliolewa Nyacheki akiwa msichana, akamzika mumewe hapo, na Ekegusii alikizungumza kama aliyezaliwa nacho. Hata hivyo, kila jambo lilipoharibika kijijini, hawakukosekana watu wa kukumbuka alikotoka.

"Nyanya, watu wa kwenu hufuga mamba?" Mokeira aliuliza, hata kabla ya kutua ndoo.

Nyanya aliacha kukoroga uji. "Tulisimuliwa hivyo tukiwa watoto. Eti mzee fulani ana mamba wake, humwita kwa jina na kumtuma akamkamate mwizi wa nyavu. Wazazi walitaka tuogope kuoga ziwani, nasi tuliogopa kwelikweli! Lakini mamba hangoji kutumwa na mtu. Nilimwona mmoja akimvuta mbuzi aliyekuwa anakunywa maji. Mbuzi hakuwahi hata kulia. Mnyama kama huyo apande milima hii yote na baridi yake, aje kutafuta mayai ya kuku?"

"Basi kidimbwini kuna nini?"

"Sijui, mjukuu wangu. Magoti yangu hayanifikishi huko. Ila mamba ukimwona utamjua. Ulimi wake umeshikana na taya ya chini, hawezi kuutoa nje."

Jioni, alipotoka shuleni, badala ya kurudi nyumbani moja kwa moja, Mokeira alipanda kwenye mwamba ulio juu ya kidimbwi, mbali na maji. Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Mara nyasi zikatikisika. Akatokea mnyama mrefu, mweusi mwenye madoa ya njano, mkia kama mjeledi. Mokeira aliziba mdomo kwa mkono. Mnyama akatoa ulimi mrefu uliogawanyika ncha kama wa nyoka, akaurudisha, akautoa tena.

"Kenge!" Mokeira alinong'ona. "Ni kenge tu!"

Alikimbia nyumbani, akamkuta Nyanya ameketi mlangoni, mikono mapajani, akamweleza alichokiona.

"Kesho kuna baraza," Nyanya alisema. "Machogu amenitangaza sokoni kuwa mfuga mamba, na anataka nirudishwe ziwani. Nawe usiseme kitu. Mtoto akiwajibu wazee, lawama zitaniangukia mimi."

"Nitasema, Nyanya."

"Mokeira!"

"Nikinyamaza watakufukuza. Nitasema."

Kesho yake watu walijaa uwanjani. Mzee Machogu alieleza jinsi alivyomwona mamba kidimbwini, na jinsi kuku wake walivyokwisha. Alipomaliza, Mokeira alisimama.

"Kaa chini wewe mtoto!" Machogu alifoka.

Mokeira hakukaa. "Yule si mamba. Ni kenge, na kenge hula mayai na vifaranga. Nilimwona jana. Twendeni mkamwone."

"Huna adabu!" mtu mwingine alimkemea. Mokeira alibaki amesimama vilevile.

Naibu wa chifu, Bi Bonareri, aliinua mkono. "Ukimwacha Mzee Machogu, wangapi hapa wamefika kidimbwini kuhakikisha?" Aliangaza macho umatini, asione mkono hata mmoja uliopanda. "Basi twendeni."

Waliteremka polepole, wanaume wameshika panga na rungu. Mnyama alikuwa akiota jua kwenye jiwe. Alipowasikia, alitoa ulimi wake, akachomoka mbio, akaukwea mti hadi kwenye matawi ya juu.

Watu walikodoa macho. Kisha sauti ya Haron ikasikika: "Baba, mamba hupanda miti?"

Kicheko kililipuka. Machogu peke yake hakucheka.

Waliporudi, alimwendea Nyanya Drusilla aliyekuwa akiwasubiri uwanjani. "Mama, nilikosea," alisema kwa sauti ya chini. "Yaishe."

"Hayaishi hivyo," Nyanya alijibu, akimtazama usoni. "Kunisema ulinisema sokoni. Nenda ukaseme sokoni kwamba ulinisingizia. Hapo ndipo yataisha."

Siku ya soko, Machogu alisimama katikati ya wauza ndizi, akaanza kunung'unika maneno.

"Sisikii!" Nyanya Drusilla alimwambia.

Machogu alikohoa, akaanza upya, safari hii kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akampa mkono.

Bi Bonareri aliwaita Mokeira, Haron na wenzao waliokuwa wakitazama. "Mmeona?" alisema. "Mtu mzima nusura apoteze nyumba yake kwa jambo ambalo hakuna aliyejisumbua kulihakikisha. Mkisikia mtu anasemwa vibaya, ulizeni ni nani aliyeona, na aliona nini. Na mkishaujua ukweli, usemeni mbele ya watu, hata kama mtakaripiwa."