Aliyefuta Ngoma za Mjukuu Wangu

Ndiyo, yule bibi kwenye video ni mimi.

Yule aliyepanda jukwaani kilemba kimemlegea, akampokonya mpiga gitaa maikrofoni na kumwita mwizi mbele ya ukumbi mzima... ni mimi.

Mmecheka, mmesambaza, mmenipa na jina. Bibi Moto. Sawa, nimelipokea.

Lakini leo nisomeni mpaka mwisho, maana kuna mtu anaumia kwa maneno yangu.

Mjukuu wangu wa kike anapiga ngoma. Bendi yao ni watu watatu: yeye, binti wa besi ambaye haongei mpaka aulizwe, na mpiga gitaa mmoja mwembamba tunayemwita Miwani. Wanachanganya ule muziki wa kitropiki wa Kilatini, rumba na kumbia, na roki ya magitaa yanayolia kama bati linaburutwa barabarani.

Siku ya kwanza kuwasikia niliuliza kama kuna kitu kimeungua.

Ila chini ya zile kelele kulikuwa na kitu nakijua. Marehemu mume wangu alipiga tumba, zile ngoma ndefu za mikono, kwenye bendi ya dansi, na mimi nilimgongea vijiti. Vijiti viwili vya mbao ngumu. Mara tatu, pumzi, mara mbili. Wapigaji wote wanaegemea hapo. Ukianza na mbili pale wimbo unapotaka tatu, umewaangusha wote.

Nikamfundisha mjukuu wangu. Miaka miwili wamefanya mazoezi sebuleni kwangu.

Miwani alikuwa anavua viatu mlangoni hata kama soksi zina matundu. Akimaliza chai anaosha vikombe vyote, si chake peke yake. Nikawa namwita mume wangu mdogo.

Nawaambia haya mjue kwa nini niliwaka vile.

Albamu walirekodi kwa mwanangu, baba mzazi wa huyo mjukuu. Ana studio ndogo nyuma ya duka la vipuri, kuta amezibandika magodoro. Walipiga wote kwa wakati mmoja: ngoma kwenye kachumba chake cha kioo zisivuje, wengine chumba kimoja na mimi katikati kwenye stuli, nagonga vijiti wasipotee.

Mwanangu alilalamika kwamba sauti ya vijiti inavuja, inaingia kwenye maikrofoni za kila mtu.

Miwani akamwambia aiache ivuje, Bibi ndiye saa yao.

Kabla kazi haijakamilika ukaja mwaliko. Miezi minne, kuzunguka kupiga nchi za watu! Waandaaji walisema wazi: watakaosafiri ni wale waliopiga kwenye albamu.

Shikeni hilo.

Siku ya uzinduzi, alasiri, viti vyote vimejaa. Utaratibu ulikuwa albamu isikike kwanza kwenye spika, halafu bendi ipande ipige. Miwani ndiye aliyeileta kutoka studio. Wimbo wa kwanza ukaanza.

Ngoma hazikuwa za mjukuu wangu.

Ilikuwa kompyuta. Kavu, kama karani anagonga mihuri. Na aliyeiweka alianza na mbili pale palipotaka tatu. Waliosimama kucheza wakakanyagana. Na kwa mbali, nyuma ya gitaa, nikasikia vijiti vyangu vinabishana na mashine...

Nikamgeukia mjukuu wangu. Fimbo zake za ngoma zilikuwa mapajani. Akasikiliza wimbo wa pili. Akasikiliza wa tatu. Kisha akaziweka chini ya kiti, taratibu, kama anamlaza mtoto, akatoka.

Hapo ndipo nilipopanda jukwaani. Mengine mmeyaona.

"Miaka miwili unakunywa chai yangu huku unampimia mjukuu wangu kaburi?"

"Nisamehe, Bibi."

"Nani amezifuta ngoma zake?"

Miwani aliangalia viatu vyake.

"Mwizi wewe. Bila yeye hilo gitaa lako ni ugomvi wa jirani."

Watu wakacheka. Mwanangu akapanda, akanishika mabega, akaniteremsha, akaniletea maji. Akaninong'oneza nitulie, nisije nikapandisha presha. Nikajiambia moyoni, angalau nimezaa mtu mwema.

Siku tatu mjukuu wangu hakugusa ngoma. Alikaa chumbani kwangu anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nikimwuliza kitu anajibu, "Niko sawa, Bibi," na hayuko sawa. Nilisikia hata jina lake limeondolewa kwenye orodha ya safari.

Na Miwani? Kazi yake ya kila siku ni kufundisha watoto gitaa. Wazazi waliiona video. Nani anampa mwizi mtoto wake? Wakawaondoa mmoja mmoja.

Alikuja kwangu mara moja. Sikumfungulia. Akaniachia mlangoni vijiti nilivyosahau ukumbini, kavifunga vizuri kwenye kitambaa safi. Nilivichukua, na asante sikusema.

Siku ya nne nikaenda studio kwa mwanangu. Akanipa kiti chake mwenyewe, akanitengenezea chai. Nikamwuliza kama hakuna namna ya kuzirudisha zile ngoma.

"Hamna, mama. Zimefutwa kabisa. Na ilikuwa kazi kweli. Vijiti vyako ndivyo vilinitesa. Nikivitoa kwenye gitaa, vinatokea kwenye besi. Mwisho nikaviacha."

Nikaweka kikombe chini.

"Vilikutesa wewe?"

Mkono wake ukabaki juu ya kompyuta kama umegandishwa.

"Mwanangu, nakuuliza. Vilikutesa wewe?"

"Mama... mtoto wangu alikuwa anaondoka."

Jamani. Niliwahi kuzika mume, haikuniuma vile.

Akaeleza yote. Kwamba alipokuwa mdogo alikaa kwenye kizingiti anamsubiri baba yake arudi na bendi, miezi na miezi, na akirudi anakaa siku mbili tu, mabegi tena mlangoni. Kwamba aliposikia habari za miezi minne, aliona kizingiti kile kile. Akajua binti yake akikosekana kwenye albamu, hasafiri.

Miwani aligundua asubuhi ya uzinduzi, alipokwenda kuichukua albamu. Aligomba mpaka sauti ikakauka. Mwanangu akamwangukia miguuni: mama ana presha, akijua ni mimi, utanizikia mama. Mpe siku ya leo tu, kesho nitasema mwenyewe.

Kesho ikapita. Na keshokutwa. Huku Miwani anatukanwa, na mwanangu ananiletea maji!

Sikupiga kelele. Zile za ukumbini zilikuwa zimeniishia.

"Uliumia kwenye kile kizingiti, nilikuona," nikamwambia. "Lakini mtoto wako hakukuacha. Wewe ndiye uliyemfuta. Nyanyuka, ukamwambie kwa mdomo wako."

Akaenda. Mjukuu wangu alimsikiliza amesimama, hakulia. Akamwuliza swali moja.

"Baba, ulizisikiliza kwanza kabla hujazifuta?"

"Nilizisikiliza."

"Zilikuwaje?"

"Zilikuwa nzuri kuliko za babu yako."

Hapo ndipo wote wawili walipolia. Kusamehewa bado, msijidanganye.

Mimi nikaenda kwa Miwani. Chumba chake kina kitanda, gitaa, na viti vidogo vya watoto vimepangwa ukutani, vitupu. Nikamwuliza kwa nini hakujitetea, hata neno moja.

"Bibi, nilidhani ni mzigo wa siku moja tu. Nikasema hilo naweza kukubebea."

Nilipiga magoti, na haya magoti yangu ya kizee. Akaninyanyua kabla hayajafika chini.

Albamu waliiondoa sokoni, wakarekodi ngoma upya sebuleni kwangu. Hilo liliwezekana kwa sababu moja: vile vijiti vilivyoshindikana kutolewa. Mjukuu wangu alivisikiliza kwenye spika za masikioni, akavifuata wimbo kwa wimbo. Baba yake alikuja na nyaya zake. Binti yake akamruhusu kushika nyaya. Kompyuta aliishika Miwani.

"Ukisogea hapo nakukata mkono," binti wa besi akamwambia mwanangu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu.

Mwezi ujao wanasafiri. Wote watatu.

Sasa nanyi mliosambaza ile video, sambazeni na hii. Mpiga gitaa yule si mwizi. Wazazi, warudisheni watoto, viti vyao bado vipo. Mimi ndiye niliyekosea. Hasira yangu ilikuwa ya haki, ila niliipeleka kwa mtu asiyehusika kwa sababu alikuwa karibu na alikaa kimya. Yule aliyeniumiza nilikuwa nakunywa maji mkononi mwake.

Ulizeni kwanza, wanangu. Tena mumwulize na yule mnayemwamini.

Mkiifungulia albamu, mwanzoni kabisa mtasikia vijiti. Mara tatu, pumzi, mara mbili.

Huyo ni mimi. Anayeingia baada yangu ni mjukuu wangu.